Nilinunua matairi kwa macho, mara mbili

Tairi la nyuma kushoto lilikufa kwa sauti ndogo kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa kwenye barabara ya changarawe, mifuko kumi na miwili ya saruji nyuma, mwendo kama 60 hivi. Nilichosikia ni pumzi moja ndefu kutoka chini ya bodi, halafu mkia wa pikapu ukaanza kucheza kama ng'ombe aliyeumwa na mbung'o. Niliposhuka, rimu ilikuwa imeshalalia mpira. Nikapapasa meno: marefu, mazima, hata milimita mbili hazijaliwa. Nikateremsha mkono hadi ubavuni, kidole kikazama. Jiwe lilikuwa limechana ubavu sentimita tano hivi, mkato safi kama wa kisu, na ndani nyuzi zimechomoza kama pindo la shuka kuukuu.

Pancha ya katikati ya meno, kama tundu halizidi milimita 6 hivi, fundi anaiziba kwa kiraka cha ndani na safari inaendelea. Ubavu hauzibwi. Pale ndipo tairi linapokunjika na kukunjuka kila mzunguko, na nyuzi zikishakatika hakuna gundi ya kuzishikanisha zikahimili kazi hiyo. Kwa hiyo nilikuwa nimesimama mbele ya tairi jipya, meno karibu yote, ambalo thamani yake ilibaki kuwa bembea ya watoto.

Mambo hayakuishia hapo. Nilipozungusha mnyororo kushusha tairi la akiba, likateremka lile la kiwandani, la saizi ya zamani. Yale manne niliyokuwa nayo barabarani nilikuwa nimepanda nayo saizi moja, kwa sababu muuzaji aliniambia, "Bosi, ukiweka hizi gari linasimama kiume," nami nikaona kweli. La tano sikulifikiria. Sasa nikawa na pikapu yenye gurudumu moja fupi nyuma, na nilijua siwezi kugusa fo wili, yaani kuvuta kwa magurudumu yote manne, mpaka nifike. Pikapu nyingi za aina yangu hazina difu ya katikati, kifaa kinachoruhusu ekseli mbili kuzunguka kwa kasi tofauti; ukiingiza fo wili kwenye ardhi kavu, ekseli ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja na kulazimishwa kuzunguka sawa. Gurudumu fupi linataka kuzunguka zaidi ya wenzake ili kufika palepale. Kwenye tope linateleza na kusamehe. Kwenye ardhi kavu, nguvu hiyo haina pa kwenda isipokuwa kwenye gia na shafti. Hata bila fo wili, difu ya nyuma ilikuwa inafanya kazi bila kupumzika, kana kwamba gari linakata kona isiyoisha. Nilitambaa kwa 40.

Ule mwendo wa kobe ulinipa nafasi ya kukubali kwamba nilikuwa nimenunua matairi kwa macho, na hiyo ilikuwa mara ya pili.

Mara ya kwanza ilikuwa mbaya kwa namna nyingine. Matairi ya kiwandani yalipoisha niliweka ya matope kabisa, M/T, meno manene kama kashata, zilizoachana kiasi cha kupitisha vidole viwili katikati yake. Gari lilipendeza likiwa limesimama. Likitembea, kuanzia 70 lilianza kuunguruma, na kadiri meno yalivyolika ndivyo ngurumo ilivyopanda, mpaka siku moja nikalipeleka kwa fundi nikiwa na hakika beringi ya mbele imekufa. Mzee yule akalinyanyua kwa jeki, akazungusha gurudumu kwa mkono huku mkono mwingine ameuweka juu ya springi kusikiliza mtetemo. Hakuna kitu. Akapitisha kiganja juu ya meno kuelekea mbele, akakirudisha nyuma, kisha akanishika mkono. "Hebu pitisha wewe, kijana." Kwenda mbele mkono uliteleza. Kurudi nyuma ulikwaruzwa kama nimeshika msumeno.

"Beringi yako nzima," akasema. "Kinacholia ni hiki."

Ndivyo jino kubwa linavyolika. Linakanyaga lami kwa ukingo wa mbele, linabonyea, halafu wakati wa kuachia ukingo wa nyuma unajiburuza kidogo. Baada ya maelfu ya kilomita upande mmoja wa jino unakuwa mfupi kuliko mwingine, na kila jino linapiga lami kama kwato. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana ukitazama tairi zuri kwa makini utaona meno yake hayalingani: moja pana, linalofuata jembamba kidogo, kisha la kati. Wamechanganya makusudi ili mlio usambae kwenye sauti nyingi badala ya kukusanyika kwenye sauti moja inayotoboa kichwa. Lakini ukiwa na kashata chache kubwa zenye mapengo mapana, hesabu hiyo inafika mwisho wake mapema.

Kelele ningeizoea. Kilichonitoa kwenye M/T ni mvua. Nilikuwa nakaribia makutano kwenye lami iliyolowa, mwendo wa kawaida tu, nikakanyaga breki na gari likaendelea na safari yake kama halijanisikia. Lilisimama, ila mbele ya mstari, puani mwa lori. Baadaye nilielewa: mpira unaogusa lami kwenye tairi la matope ni mchache, na juu ya kashata hakuna ile mikato myembamba, kama ya wembe, inayopasua utando wa maji na kuupa mpira kingo za kushikia. Mapengo yale mapana yametengenezwa kutema tope. Kwenye tope ni mfalme. Mimi nilikuwa kwenye tope mara ngapi?

Swali hilo nililijibu baada ya ubavu kupasuka, na nililijibu kwa daftari. Mwezi mzima niliandika kilomita kila nilipobadilisha aina ya barabara. Ni kazi ya kuchosha na watu walinicheka, lakini mwisho wa mwezi nilikuwa na kilomita 1,840: lami 1,310, changarawe na vumbi 490, matope 40. Arobaini! Na katika hizo arobaini, nyingi zilikuwa tope jepesi ambalo tairi lolote lenye meno lingepita ukitulia na kanyagio la mafuta. Nilikuwa nimeendesha mwaka na nusu juu ya matairi yaliyochaguliwa kwa ajili ya kilomita 40.

Daftari lilinionyesha na jambo la pili ambalo sikulitegemea. Adui yangu halisi alikuwa changarawe. Pale ndipo nilipokuwa na mwendo na mzigo kwa pamoja, na mawe yenye ncha. Muundo wa meno ulikuwa na umuhimu, ndiyo, lakini kilichoamua kama nafika au nalala njiani ni ule ukuta wa mpira ambao nilipokuwa dukani sikuutazama hata mara moja, zaidi ya kufurahia maandishi yake meupe.

A/T, tairi la kila ardhi, ni mapatano. BFGoodrich walipotoa Radial All-Terrain T/A mwaka 1976, wazo lenyewe lilikuwa kuoanisha vitu viwili: tairi la radial, lenye nyuzi zinazokatiza kutoka ukingo hadi ukingo, ambalo Michelin walikuwa wamelipatia hataza mwaka 1946 na ambalo lilikuwa limeshajithibitisha kwenye lami, na meno ya kazi ngumu. Tangu hapo kila kampuni inavuta kamba upande wake. Toyo wana Open Country, Yokohama wana Geolandar, Falken wana Wildpeak, na ndani ya kila jina kuna matoleo yanayoelemea lami na mengine yanayoelemea porini. Siku hizi kuna hata kundi la katikati, R/T, lenye sura ya M/T na tabia iliyopunguzwa makali. Kwa hiyo mtu akikuambia "weka A/T" bado hajakuambia kitu. Ni sawa na kumwambia mtu avae viatu.

Basi safari ya tatu nilianza na namba badala ya sura. Ubavu wa tairi langu la kiwandani uliandikwa 265/65R17 112S. Nimekutana na watu wanaomiliki pikapu miaka kumi na hawajawahi kuisoma, nami nilikuwa mmoja wao. 265 ni upana kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo, yaani milimita 172. R ni radial, 17 ni rimu kwa inchi. Halafu 112 ndiyo namba ya mzigo: tairi moja linabeba hadi kilo 1,120. S ni mwendo wa juu, kilomita 180 kwa saa, ambao pikapu yangu itaufikia siku ikidondoka kutoka mlimani.

Hesabu ndogo ya kujumlisha inakupa kimo: rimu milimita 432, ongeza ubavu mara mbili, unapata 776. Yale niliyopanda nayo saizi yalikuwa 265/70R17, kimo 803. Tofauti ni asilimia 3.4. Maana yake spidomita ikisoma 100, kweli uko 103 na kidogo, na odomita inakupunja kilomita kwa kiwango hichohicho. Injini inavuta kama giaboksi imeongezewa urefu, unaihisi kwenye mlima ukiwa na mzigo. Na je, gari lilinyanyuka kiasi gani kutoka chini? Nusu ya tofauti ya kimo, milimita 13. Unene wa kidole. Kwa unene huo wa kidole nilipata tairi linalokwaruza plastiki ya ndani ya madigadi kila nikikata kona yote, na tairi la akiba lisilooana na lolote. Sisemi watu wasipande saizi. Wapo wanaohitaji, wakainua springi na kurekebisha spidomita na kununua la tano. Mimi sikuhitaji. Nikarudi 265/65.

Hapo ndipo penye uamuzi mgumu, na ndipo nilipotumia wiki mbili nzima. Saizi ileile inapatikana kwa miundo miwili. Kuna ya kawaida, kama ile ya kiwandani, na kuna inayoanza na herufi LT, tairi la gari dogo la mizigo. LT ina nyuzi imara zaidi, mpira mnene ubavuni, mara nyingi na meno yenye kina zaidi. Utaona imeandikwa kitu kama 120/117S: namba ya kwanza ni mzigo likiwa moja upande mmoja wa ekseli, kilo 1,400, ya pili ni likifungwa mawili mawili kama kwenye lori. Pembeni kuna herufi ya daraja, C, D au E, ambazo mafundi huziita plai 6, plai 8 na plai 10. Usikate tairi ukatafute matabaka kumi, hayamo. Ni lugha iliyobaki tangu enzi za nyuzi za pamba, na siku hizi inaeleza nguvu tu.

Ukitazama namba peke yake, sikuhitaji LT. Nililipitisha gari kwenye mzani likiwa limebeba kawaida yangu, ekseli ya nyuma ikasoma kilo 1,500 na kitu. Gawanya kwa mbili, tairi moja linabeba chini ya kilo 800, na lile la 112 lina nafasi tele. Mtu wa hesabu angeishia hapo. Lakini namba ya mzigo haisemi chochote kuhusu jiwe lenye ncha, na mimi nilikuwa nimeshaingiza kidole kwenye jibu.

LT ina gharama zake, na nitazitaja kwa sababu sikuambiwa na mtu. Uzito kwanza. Nilibeba tairi la kiwandani nikapanda nalo kwenye mzani wa bafuni, nikatoa uzito wangu: kilo 16. LT daraja E ya saizi hiyohiyo: kilo 22. Kilo sita kila kona, na ni uzito unaozunguka, ulio chini ya springi, ambao injini inausukuma na breki inauzuia na shokapu inahangaika kuutuliza. Nilikuwa napata kilomita 11 kwa lita, sasa ni 10 na ushee. Gari likiwa tupu linarukaruka kwenye matuta madogo ambayo zamani nilikuwa siyasikii. Mama watoto aliligundua kabla hajafika mwisho wa mtaa.

Halafu kuna upepo, na hapa watu wengi hukosea, mimi nikiwemo kwa wiki ya kwanza. Kibandiko cha mlangoni kinachotaja psi, kipimo cha upepo wa tairi, kimeandikwa kwa ajili ya tairi la kiwandani. Ukifunga LT ukaijaza kwa namba ileile, inabeba mzigo mdogo kuliko lile tairi jepesi ulilolitoa. Inashangaza, lakini ndivyo ilivyo: tairi la kawaida linafikia uwezo wake wote kwenye psi 36 hivi, wakati LT ya daraja E inafikia kilo zake 1,400 kwenye psi 80. Kila upepo unaopungua, uwezo unapungua. Watengenezaji wana majedwali ya mzigo na upepo kwa kila saizi. Chukua uzito wa ekseli yako kutoka mzanini, tafuta mstari wako. Mimi nimetulia kwenye 38 gari likiwa tupu, na nyuma napandisha hadi 45 nikiwa na saruji. Napima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi likishapata moto namba inapanda na kukudanganya.

Kwenye changarawe ndefu, kinyume na nilivyoamini zamani, tairi lililojazwa likakaza ndilo linalochomwa kirahisi. Halina pa kubonyea, jiwe linaingia. Napunguza psi tano au sita, napunguza na mwendo, na tairi linalikumbatia jiwe badala ya kugombana nalo. Zito ni hapo kwenye "napunguza na mwendo". Upepo mdogo na mwendo mkubwa vikikutana, ubavu unajikunja kupita kiasi, unachemka, na unaweza kufumuka kabisa. Mchanga ni habari nyingine, pale watu hushuka hadi psi 18 au 15 ili alama ya tairi ardhini irefuke, lakini ubavu nao unatuna nje na kuwa chambo kwa kila kisiki. Ukishusha upepo uwe na pampu ya kuurudisha. Nimeona mtu aliyesahau hilo akirudi kwenye lami na matairi yamelegea kama chapati.

Meno niliyaacha mwisho safari hii, na ajabu ni kwamba yalipofika zamu yake uchaguzi ulikuwa mwepesi. Nilitaka katikati pawe pamejaa mpira kwa ajili ya zile kilomita 1,310 za lami, na mikato ya wembe inayoshuka hadi chini, si ya kukwaruza juu juu ambayo huisha tairi likiwa nusu. Mabegani nilitaka mapengo. Na nilipiga magoti nikatazama sakafu ya mifereji: tairi lililofikiriwa kwa changarawe lina vinundu vidogo pale chini, vya kusukuma kokoto nje kabla hazijachimba kuelekea kwenye waya. Tairi langu la pili, lile lenye sura ya simba, halikuwa navyo.

Alama nilizipita haraka. M+S, yaani matope na theluji, ipo karibu kwenye kila A/T na inaeleza umbo la meno tu. Ile ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani ndiyo iliyopatikana kwa kupimwa, na anayeendesha kwenye theluji aitafute hiyo. Tarehe lakini sikuipita. Kwenye ubavu, mwisho wa mstari unaoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala dukani, na watengenezaji wengi wanaweka miaka 10 kuwa ukomo hata kama meno yamebaki. Kati ya matano niliyoletewa, moja lilikuwa na umri wa miaka minne zaidi ya wenzake. Nililirudisha. Muuzaji alinung'unika, "Bosi, mbona jipya hili, hata nywele zake zipo." Nywele zilikuwepo kweli, vile vinyweleo vya mpira. Tarehe nayo ilikuwepo.

Matano, ndiyo. La tano lilining'inia chini ya bodi saizi sawa, muundo sawa, na kila baada ya kilomita 8,000 linashuka na kuingia kwenye mzunguko, mengine yanahama, moja linapanda kupumzika. Nikipiga magoti kufanya kazi hiyo napitisha kiganja mbele na nyuma kama nilivyofundishwa na yule mzee. Mpaka sasa mkono unateleza pande zote mbili, ila la mbele kulia limeanza kunikwaruza kidogo kwenye bega la nje, nadhani ni alaimenti.

Jana nimetoka kwenye changarawe nikapanda lami, vioo viko chini. Kokoto zilizokuwa zimeng'ang'ania kwenye mifereji zikaanza kugonga: tik-tik-tik-tik, haraka haraka. Moja ikaruka ikapiga madigadi. Nyingine. Baada ya kilomita moja hivi ilikuwa imebaki moja tu, nyuma kushoto, nikawa naihesabu.

Nikasimamisha gari, nikaichomoa kwa bisibisi.